Mbona Hapa Pana Mtu Tayari?

Mama alivuta kiti, akaweka mkoba mapajani, akaitazama skrini. Kisha akamgeukia kijana wa saiba, lile duka la kukodi kompyuta zenye intaneti.

"Mbona hapa pana mtu tayari?"

Tulikuwa Mwembe Tayari, Mombasa, siku za mwisho za Juni, wakati ambapo kila mwenye PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi wa Kenya, anakumbuka kwamba tarehe 30 ya kuwasilisha ritani haisogei. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Watu na bahasha zao za kaki, vitambulisho mkononi, macho kwenye simu wakingoja namba za uthibitisho ambazo hazikuwa na haraka ya kufika. Mimi nilikuwa nangoja kurasa zangu zitoke kwenye printa, nimesimama nyuma ya bega la yule mama, na kwa pale nilipokuwa nisingeweza kutoona.

Ukurasa wa tovuti ya serikali ulikuwa umekwisha funguliwa. Juu, upande wa kulia, palikuwa na picha ya mwanamume mwenye shati la mistari. Majina yake yote matatu. Namba ya kitambulisho. Chini yake ombi la cheti alilolianza akaliacha katikati.

"Huyo wa asubuhi," kijana akajibu huku amekibana kifuniko cha mashine ya kopi kwa kiganja. "Mtoe tu, mama, uandike wako."

Mama hakugusa kipanya.

"Miye simtoi mtu nisiyemjua. Njoo umtoe wewe."

Kijana akaja, akabonyeza mara mbili, mwanamume wa shati la mistari akapotea na mama akaanza shughuli yake. Kwenye foleni kuna aliyecheka.

Wiki kadhaa zimepita na bado linanirudia. Si kule kusahau kwa yule bwana. Saiba imejaa, simu inaita, mtu anainuka anakwenda zake. Ni lile neno "wa asubuhi". Saa zile ilikuwa alasiri inakaribia. Kati yake na mama walikuwa wamekaa watu wengine kwenye kiti kile, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kusoma, kubadilisha namba ya simu, au kumaliza lile ombi kwa jina la mwenzake. Labda hakuna aliyefanya. Lakini hakuna pia aliyemtoa.

## Kisha ujaribu tena

Juma hilohilo nilipiga simu kwenye kampuni moja ambayo ukurasa wake wa malipo ulikuwa ukizunguka bila kufika popote. Sijamaliza kueleza, sauti ya upande wa pili ikaniambia kwa upole uliokaririwa: "Tafadhali futa kache na kuki zako, kisha ujaribu tena."

Nawe umeshaambiwa. Kila aliyewahi kugombana na tovuti ameambiwa, na mara nyingi kabla hajaulizwa anatumia simu au kompyuta.

Sitaki kuidharau kauli hiyo. Kuna nyakati inafanya kazi kweli, na sababu yake nitaieleza. Lakini nilipokata simu nilimkumbuka mama wa Mwembe Tayari. Nyumbani kwangu, kwenye simu isiyoguswa na mtu ila mimi, naambiwa nifute kila kitu. Saiba, kwenye kompyuta inayokaliwa na kila apitaye njia, hakuna anayefuta chochote.

Tunafuta pasipo haja, na penye haja tunaacha.

Nilidhani nikishaliona hivyo nimelimaliza. Ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

## Karatasi ya dobi

Seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa za tovuti, haina kumbukumbu. Kila unapobonyeza kiungo, kwake wewe ni mgeni mpya, hata kama dakika iliyopita ulimwandikia jina lako na la babako. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alikuwa akitafuta njia ya kulitatua hilo. Kampuni ya simu ya MCI ilitaka kujengewa duka la mtandaoni, na haikutaka kompyuta zake zibebe vikapu vya wateja walioanza kununua bila kumaliza. Jawabu la Montulli likawa kwamba kumbukumbu ile ikae kwa mteja. Seva inamkabidhi kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, data fupi, kivinjari kinaiweka, na kila kikirudi kinaionyesha. Data hiyo ndiyo kuki.

Huwa narudi kwenye hadithi hiyo kwa sababu ya jambo moja. Tangu siku ya kwanza mzigo ulikuwa wa duka, na rafu iliyowekewa mzigo ilikuwa yetu.

Ukipeleka kanzu kwa dobi, anakupa kijikaratasi chenye namba. Siku ya kuichukua hakuulizi ukoo. Anatazama karatasi tu. Aliye nayo mkononi ndiye mwenye kanzu. Kuki ya kuingilia akaunti ni karatasi hiyo, na yule bwana wa asubuhi aliondoka akaiacha mezani, pale ambapo kila anayekaa anaishika bila hata kujua ameishika.

Kuna tofauti hapa ambayo wengi wanaipita mbio. Kufuta kuki ni kuichana karatasi. Namba bado imo kwenye kitabu cha dobi, na mtu aliyewahi kuinakili anaweza kuja nayo kesho. Kubonyeza "Toka" ndiko kunakomwambia dobi aikate namba kitabuni, ikiwa tovuti yenyewe imetengenezwa inavyopaswa. Kwa hiyo kwenye mashine isiyo yako utaratibu ni kutoka kwanza, halafu ndiyo ufute. Anayefuta bila kutoka amefanya nusu ya kazi, ingawa skrini itamwonyesha kana kwamba imekwisha.

Zipo kuki za aina nyingine, zile za makampuni ya matangazo, zinazokufuata kutoka tovuti hadi tovuti ambazo hukuwahi kuziingia kwa hiari. Hizo zilitiliwa shaka mapema. Waraka wa kwanza wa viwango vya kuki, uliotolewa Februari 1997, ulipendekeza vivinjari vizizuie labda mtumiaji aziruhusu mwenyewe. Vivinjari vikubwa vya wakati ule havikufuata. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilikuja kuzizuia kabisa mwaka 2020. Google ikaahidi mwaka huohuo kwamba Chrome nayo itaziondoa ndani ya miaka miwili, ikasogeza tarehe, ikasogeza tena, na mwaka 2024 ikaachana na mpango wenyewe. Ukizifuta leo, kesho unapewa namba nyingine. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaofuta kila Ijumaa wakiamini wamejisafisha, ilhali bado wameingia kwenye akaunti ileile ya barua pepe inayowatambua kwa jina.

Na kuna jambo la saiba ambalo sijaona likizungumzwa. Ile dirisha inayokuomba "Kubali kuki zote", iliyoenea kwa sababu ya sheria za Ulaya, kwa kawaida ukishabonyeza hairudi kwenye tovuti hiyo kwa muda mrefu, ila kuki zikifutwa. Kwenye kompyuta ya Mwembe Tayari, aliyefungua tovuti ile wa kwanza ndiye aliyekubali kwa niaba ya kila atakayekaa pale baada yake.

## Kache haina kosa

Kache na kuki hutajwa kwa pumzi moja, lakini kache haikujui wewe ni nani. Kazi yake ni kuhifadhi: nembo ya tovuti, picha, herufi, programu ndogondogo zinazouendesha ukurasa. Kivinjari kinaviweka ili ukirudi visishushwe upya. Seva ndiyo inayosema vikae muda gani, dakika tano au mwaka mzima, na muda ukiisha kivinjari huuliza tu kama faili bado ni lilelile. Likiwa ni lilelile, seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma kitu tena, na anayefaidi ni wewe na bando lako.

Hili kwetu si dogo. Ni kweli tunaishi pale nyaya za intaneti zinapoibuka kutoka baharini: Seacom na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ikitegemea setilaiti. Lakini waya kutua Mombasa hakujawahi kumfanya mtu wa Kisauni apate megabaiti za bure. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilisuasua nchini, na siku zile ungefungua ukurasa uliouzoea ukaona nembo na rangi zake zinakuja upesi, halafu kile kilicho kipya kinazunguka, kinazunguka. Vile vilivyokuja upesi vilitoka kwenye kache ya simu yako. Aliyekuwa ametii agizo la kufuta asubuhi ile alianza na kurasa nyeupe.

Basi kwa nini kufuta kunasaidia wakati mwingine?

Kwa sababu mtengenezaji amebadilisha faili na hakulibadilisha jina. Kivinjari kinaona jina ni lilelile na muda haujaisha, kinatumia la zamani. Ukurasa mpya unakutana na programu ya zamani, na kitufe cha kulipa kinakaa kimya. Tiba yake inajulikana miaka mingi kwa kila anayefanya kazi hiyo: ukibadilisha faili, lipe jina jipya au liongezee namba ya toleo, na ukurasa mpya utakapofunguliwa, kivinjari cha kila mteja kitalichukua lile jipya chenyewe. Hakuna anayehitaji kupigiwa simu. Kwa hiyo nikiambiwa nifute kache kwa kuwa "tumesasisha mfumo", nasikia mtu akinigawia mimi, na kila mteja mwingine kwake alipo, kazi ambayo yeye angeifanya mara moja ikaisha.

Kuna jaribio ambalo laiti wangelitaja kwanza. Fungua ukurasa uleule katika hali fiche (incognito), maana huko kivinjari kinaanza bila kuki wala kache ya zamani. Ukifunguka vizuri, basi shida kweli iko kwenye ulivyohifadhi. Hata hapo usifute vyote, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, uondoe data ya tovuti hiyo peke yake, na kwingine kote utabaki umeingia kama ulivyokuwa. Ukurasa ukikataa hata huko, shida kwa kawaida haiko kwenye kache yako, nawe una haki ya kumwambia hivyo yule wa simu.

Nilimwambia. Akanitaka nifute kache.

## Andika herufi A

Nilirudi saiba, safari hii kwa makusudi. Julai ilikuwa imeingia, foleni imekwisha, kijana amekaa anakunywa chai na kaimati kwenye mfuko wa karatasi. Nikamwomba mashine ileile ya ukutani.

Nilifungua fomu inayotaka PIN ya KRA. PIN za watu binafsi huanza na A, kwa hiyo niliandika hiyo A tu, nikasubiri.

Ikashuka orodha.

PIN juu ya PIN, za watu ambao pengine napishana nao Digo Road kila siku. Kwenye kisanduku cha simu nikaandika 07, zikashuka namba. Kwenye kisanduku cha barua pepe sikuandika chochote, nilibonyeza tu, zikashuka zenyewe. Nikafungua folda ya vipakuliwa: vitambulisho vilivyoskaniwa mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mtihani ya watoto wa watu, mkataba wa nyumba ya kupanga. Majina ya mafaili yalitosha, sikufungua hata moja. Kwenye kichupo cha pembeni WhatsApp ya mtu ilikuwa wazi, na ujumbe ulikuwa ukiingia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hata kijana angekuwa na mazoea ya kufuta kuki kila mteja akiinuka, sehemu kubwa ya hivyo vingebaki. Ukiingia kwenye Chrome mahali pa kufuta data ya kuvinjari, utakuta visanduku vya historia, vidakuzi (ndizo kuki), na picha na faili za kache. Manenosiri na data ya kujaza fomu hayamo kwenye hivyo, na kwa kawaida hayafutwi mpaka uyatafute mwenyewe. Muda ulioandikwa juu mara nyingi ni saa moja iliyopita. Wa asubuhi hayumo ndani ya saa hiyo. Na folda ya vipakuliwa haiguswi kabisa: unaweza kufuta orodha ya ulivyopakua, mafaili yenyewe yakabaki pale pale yalipo.

Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuandika kichwani makala nyepesi zaidi kuliko hii. Ingekuwa na orodha ya mambo matano ya kufanya ukienda saiba, na ingeishia hapo.

## Daftari

"Watafuta nini huko, maalim?"

Nikamweleza. Hakukasirika. Alifuta vidole kwa karatasi ya kaimati, akavuta droo, akatoa daftari gumu la jalada jeusi lenye pembe zilizoliwa.

Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza majina, na si majina ya kitambulisho: Mzee wa Makupa. Mama wa viazi karai. Babake Khalfani mkubwa. Fundi meno. Safu ya pili PIN, ya tatu barua pepe, ya nne neno la siri. Mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya pembeni.

"Hawa wazee," akaniambia, "barua pepe niliwafungulia miye. Huja mara moja kwa mwaka, Juni, na kama kuna kitambulisho cha kutafuta. Neno la siri hawalikumbuki. Kulibadilisha kwataka namba ya uthibitisho, na laini waliyojiandikisha nayo wengine walishaipoteza. Sasa wewe waniambia nifute. Nikifuta nimewafungia nje."

Nikamwuliza kuhusu yule mama wa juzi, aliyekataa kumtoa mtu.

Akacheka. "Yule? Akiondoka waijua aliniambiaje? 'Mwanangu, niwekee hapohapo, nisije nikasahau.'"

Nilikaa kimya, na ukimya huo sikuupanga.

Maana mama yule ndiye niliyekuwa nimemjenga kichwani kuwa shahidi wangu. Ndiye aliyehisi, bila kujua kuki ni nini, kwamba kuna mtu mle na kwamba si adabu kumgusa. Na ndiye huyohuyo aliyeomba yeye mwenyewe aachwe ndani.

Nimeligeuza hili mara nyingi na siku hizi silioni kuwa kinyume. Mama alimwachia kijana, hakuiachia kompyuta. Anamjua, pengine anawajua na wazazi wake. Akimkosea atamwendea nyumbani. Amana ya namna hiyo mtaani ni ya siku zote, funguo za nyumba huachwa kwa jirani na hakuna karatasi inayotiwa saini. Tatizo ni kwamba kivinjari hakijui kuwa aliaminiwa kijana. Kitatoa kilichowekwa kwa yeyote atakayekaa kitini, iwe ni mama akirudi mwakani, iwe ni mtu aliyeingia kukwepa mvua.

Kwa upande huo, nasema nikiwa na wasiwasi, lile daftari la droo ni salama kuliko kompyuta. Ili ulisome lazima umpite kijana kwanza. Lakini limeandika kila kitu waziwazi kwa wino, mistari imenyooka, na kijana naye ni mwajiriwa. Siku akipata kazi bandarini, daftari litabaki dukani au litakwenda naye? Nilimwuliza. Alisema hajawahi kulifikiria, kisha akasema litabaki, kisha akasema inategemea nani atakuja.

Watu wa usalama wa mtandao wanaweza kulitazama daftari lile wakashika vichwa, na kwa haki. Lakini wangekuwa na kazi ya kumweleza Mzee wa Makupa afanye nini badala yake. Programu ya kutunza manenosiri inataka simu janja. Namba ya uthibitisho inataka laini isiyopotea. Barua pepe ya kurejesha akaunti inataka barua pepe nyingine. Huduma zote zimehamishiwa mtandaoni kana kwamba kila mtu ana kifaa chake kinachomkumbuka, na asiye nacho akatafuta kijana wa kumkumbuka.

## Sheria ipo

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini mwaka 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, akaanza kazi mwaka uliofuata. Kanuni za 2021 zinasamehe biashara ndogo kujiandikisha, zile zenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, na saiba nyingi za mtaani zinaingia humo. Msamaha huo ni wa kujiandikisha tu. Wajibu wa kulinda data ya mteja haukusamehewa.

Lakini ni nani atakuja Mwembe Tayari kuandika herufi A na kusubiri?

## Ya kukumbuka au ya kusahau

Tulikubaliana jambo moja na kijana, na si mimi niliyelivumbua. Kivinjari kinalo tangu zamani. Mashine mbili za karibu na mlango sasa zinafunguliwa kwa hali ya mgeni. Humo hakuna PIN zinazoshuka, hakuna neno la siri linalokumbukwa, na dirisha likifungwa kuki na historia vinaondoka pamoja nalo. Folda ya vipakuliwa bado inabidi aisafishe kwa mkono. Anasema ataifanya jioni akifunga, na nijuavyo mimi jioni za saiba, nusu ya siku ataifanya.

Hasara zilionekana mara moja. Kila mteja anaanza na kache tupu, kwa hiyo kurasa zinakuja polepole na wateja wananung'unika kwamba mashine za mlangoni "ni nzito". Yale yote niliyoyasema juu ya kache kutokuwa na kosa, alinirudishia mwenyewe, maana kasi ya intaneti yake inagawanywa na mashine zote. Kuna aliyetoka mara moja kwenda kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa hapo jirani, mwenzake akafunga dirisha, fomu ya kurasa nyingi ikapotea. Huyo alipiga kelele mpaka muuza kahawa akaja kutazama.

Kuhusu daftari hatukuelewana. Mimi nilitaka kila mzee apewe karatasi yake mwenyewe akaiweke nyumbani na kitambulisho. Kijana akasema wataipoteza kabla hawajafika stejini, halafu watarudi kwake, na yeye hatakuwa na cha kuwapa. Nikasema basi walau droo iwe na kufuli. Kufuli amenunua. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya droo.

Mashine zilizobaki ameziacha kama zilivyokuwa, kwa ajili ya wenyeji wake. Siku hizi mteja akiingia humwuliza kwanza, "Wataka ya kukumbuka ama ya kusahau?"

Wengi humjibu kwamba wanataka ile yenye kiti.